Mashine Iliyoishia Mundika

Jambo la kwanza lilikuwa saa. Roselida aliwasha kompyuta asubuhi baada ya kuwafungulia kuku, akavuta kiti, akakaa polepole kwa sababu ya tumbo lake la miezi saba, na pale chini pembeni mwa skrini saa ikamwambia ni saa tisa na dakika kumi alasiri. Chai yake ilikuwa bado inafuka. Nje, watoto wa shule walikuwa ndio wanapita kuelekea barabara ya lami, wakikimbizana na kengele.

Akairekebisha, akaendelea na kazi. Siku ya pili akaikuta imerudi palepale: saa tisa na dakika kumi, Alhamisi, tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu. Na huo ulikuwa mwezi wa saba.

Tarehe hiyo aliijua. Alikuwa ameiandika kwa vidole vyake mwenyewe. Kazi ya Roselida ilikuwa kuandika karatasi za mazishi: picha ya marehemu mbele, wasifu ndani, ratiba ya ibada, nyimbo nyuma. Mtu akifiwa pale Mundika, au hata Busia mjini, aliambiwa, nenda kwa bibi ya Mulama, anaandika vizuri na anakuombea pia. Na karatasi ya kwanza kabisa aliyoiandika kwenye mashine hii ilikuwa ya Sydney, fundi wa kompyuta wa Malaba, rafiki wa mumewe tangu darasa la kwanza, aliyesimama na Mulama kanisani siku ya harusi yao. *Alilala Alhamisi, tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu. Ameacha mjane, Vivianne, nyumbani Matayos.*

"Ni betri tu," Mulama alimwambia jioni, akivua viatu mlangoni. Yeye alifanya kazi mpakani Malaba, akihangaika na makaratasi ya malori. "Nitamtuma Ejoku aje aiangalie."

"Si ulisema ni kama mpya?"

"Nilisema imetumika kidogo. Imetoka Dubai. Mama, wewe unataka mashine au unataka cheti chake cha kuzaliwa?"

Roselida akacheka, maana Mulama alijua kumchekesha. Hata ile siku ya mwezi wa tatu alipoileta, imefungwa ndani ya gunia, alimwambia asiulize sana, amshukuru Mungu tu. Naye alimshukuru Mungu. Kisha akatoa kitambaa cheupe cha kufuma, akakitandika juu ya lile sanduku lenye matumbo ya mashine, ambalo wao waliliita sipiyu, akazinyoosha pembe zote nne. Alikitandika kabla hata ya kuuliza inawashiwa wapi.

Mashine hiyo ilimfaa sana. Kabla yake alikuwa akipanda pikipiki kila siku hadi saiba ya mjini, lile duka la kompyuta za kukodi, barabara ya mashimo, na mimba mbili zilikuwa zimemtoka, moja ikiwa ya miezi minne, moja ya miezi mitano. Ya pili ilipotoka, ni Vivianne aliyefunga siku tatu bila maji kwa ajili yake, akalala kwenye zulia la sebule hiihii akimlilia Mungu. Sasa hii ya tatu ilikuwa imefika miezi saba. Mtoto aligeuka, alipiga teke, alikuwa hai. Kila asubuhi Roselida aliweka mkono tumboni akasema, "Bwana, huyu usimwachilie," na hakuwa na ombi lingine duniani.

*

Ejoku alikuja Jumanne. Alikuwa Mteso mwembamba mwenye mdomo mwingi, begi lake la bisibisi likining'inia kama la daktari wa mifugo.

"Mama, hii ni ugonjwa ndogo," alisema. Akatoa betri ya duara, ndogo kama kifungo cha koti, akaweka nyingine. "Hii ndiyo inakumbusha mashine saa ukizima stima. Ikikufa, mashine inakuwa kama mlevi, inaamka haijui ni leo ama ni jana."

Saa ikakaa sawa siku moja. Siku ya pili, mchana wa jua kali, Roselida akiwa anapanga picha ya mzee mmoja wa Budalang'i, alisikia harufu ya dawa ya mbu, ile ya duara ya kijani inayochomwa usiku. Akageuka. Hakuna aliyekuwa amechoma kitu. Jikoni kulikuwa na sufuria ya maharagwe tu. Harufu ilikuwa inatoka chini ya kitambaa cheupe.

Halafu spika zikakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mtu mzima, kikavu, cha mtu anayejaribu kukohoa bila kusumbua wengine. Roselida akachomoa waya wa spika. Akakaa ameshika ule waya mkononi kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka, na ndipo spika, zikiwa hazina umeme, zikiwa hazijaungwa na kitu chochote, zikakohoa mara ya pili.

Akaangalia saa ya simu yake. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

"Draiva ya sauti hiyo," Mulama akasema alipoambiwa. Hakumtazama. "Draiva ikiharibika sauti zinajitokea tu."

"Bila waya, Baba?"

"Kwani mimi ni fundi?" akafoka, na Mulama hakuwa mtu wa kufoka. Tangu siku hiyo Roselida aligundua kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yake muda wote: mumewe hakuwahi kukaa sebuleni alasiri. Hata Jumapili, wakitoka kanisani, ikifika saa tisa alikumbuka mtu wa kuona huko nje.

*

Ejoku alirudi Ijumaa, akaingia ndani ya mashine kwa utaratibu. Alifungua ile orodha ambapo kompyuta hutaja viungo vyake vyote, kila kimoja na draiva yake, yaani yale maelekezo yanayoiwezesha mashine kukitumia. Printa, sawa. Kibodi, sawa. Sauti, sawa. Mwisho wa orodha kulikuwa na mstari mmoja wenye alama ya njano, na maneno ya Kizungu ambayo Ejoku alimfasiria: kifaa kisichojulikana.

"Kuna kitu umechomeka hapa na mashine haikijui," alisema. "Tutachomoa moja moja. Tukichomoa chenye makosa, huu mstari utapotea."

Wakaanza. Alichomoa printa, mstari ukabaki. Alichomoa spika akaziweka sakafuni, ukabaki. Mausi, ukabaki. Akaizima, akatoa kadi ya mtandao, akaiwasha. Akaizima tena, akatoa kadi ya sauti yenyewe, akaiweka juu ya gazeti, akaiwasha. Kila mara orodha ilikuwa fupi kuliko mwanzo, na kila mara, mwisho wa orodha, ile alama ya njano ilikuwa imetulia palepale ikiwangoja.

Ejoku aliacha kutania. "Mama, hakuna kitu imebaki hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Imebaki ubao na stima. Hii inahesabu nini?"

Alitaka kufungua upande wa pili, na ili afungue ilibidi aondoe kitambaa. Roselida alinyoosha mkono kumzuia, lakini tumbo lilimchelewesha. Kitambaa kikatoka. Juu ya lile bati jeusi kulikuwa na kovu la moto, mviringo ndani ya mviringo, mahali ambapo dawa ya mbu ilikuwa imeachwa ikaungua hadi mwisho.

"Eh!" Ejoku akasema. "Hii mashine naijua. Si nilifanyia mzee wako kazi hii, mwezi wa tatu? Aliniletea Malaba kwa gunia. Akasema, futa kila kitu, iwe kama mpya."

Roselida akakichukua kile kitambaa.

"Nilimwuliza, mzee, kuna sauti nyingi humu, mtu amejirekodi akiongea, tusihifadhi? Akasema futa." Ejoku alikuwa anakumbuka huku anaongea, na kumbukumbu ilikuwa inambadilisha uso. "Alikuwa amekaa kwa benchi yangu. Simu yake inaita, inaita. Anasema niko njiani, boss, nimefika Busia. Sasa mimi nikashangaa, Busia gani na uko hapa kwangu? Halafu nikiwa bado nafuta, nikasikia nduru kule nyuma. Watu wakasema Sydney amekufa."

"Saa ngapi?"

"Mchana. Saa tisa hivi." Akaangalia skrini, akaangalia kovu. "Mama, nisamehe. Sikujua ni ya nani. Mashine ikija bila mwenyewe, mimi nafanya tu kazi."

Kwa haraka akarudisha kadi, akafunga, akawasha. Safari hii mashine haikuwaka. Ililia.

Kompyuta ikikataa memori yake hutoa mlio, na Ejoku aliujua mlio huo kama anavyojua jina lake: mpigo mmoja, mpigo mmoja, sawasawa. Huu haukuwa hivyo. Ulianza mwembamba, ukapanda, ukavunjika, ukanyamaza muda wa kuvuta pumzi, ukaanza tena juu zaidi. Ejoku alitoa vile vibao vya memori, akayasugua yale meno ya vibao kwa ufutio wa penseli kama mafundi wote wanavyofanya, akavirudisha. Mashine ikalia. Mtoto tumboni mwa Roselida akageuka mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyeitwa.

Mama Zilpa, mama mkwe wake, aliingia kutoka uani na ungo wa maharagwe mikononi. Alikuwa mama wa kanisa, mcheshi, asiyeogopa kitu chenye waya.

"Ni mtoto wa nani huyo mnamfinya?" akauliza. Akasikiliza, akacheka. "Aki huyu wenu ameshiba stima, sasa anataka jina!"

Kwao, mtoto mchanga akilia asinyamaze, wazee hukaa naye wakamtajia jamaa waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na jina atakalonyamazia ndilo lake. Mwenye jina hilo amerudi nyumbani, na nyumba itamlea. Mama Zilpa aliwapa majina hivyo watoto wake wote saba. Basi akainama juu ya mashine, ungo kiunoni, akaiongelesha kwa ile sauti ya kubembeleza: "Ni wewe, Makokha? Siyo? Ni wewe, Nabwire, uliyekufa na njaa ya samaki? Ni wewe, baba yetu Ouma?"

Mashine ililia.

"Ni mkaidi! Haya, taja wewe Roselida. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Roselida alikuwa amesimama na hasira kifuani kama kaa la moto. Alikuwa anamwona Mulama kwenye benchi, simu mkononi, akisema niko njiani. Jina likamtoka kabla hajalipima. Alilisema polepole, kama anamtemea mtu.

"Sydney."

Mashine ikanyamaza.

Nyumba nzima ikanyamaza. Kuku uani wakanyamaza. Ungo ulimponyoka Mama Zilpa, maharagwe yakatawanyika sakafuni yakaenda hadi chini ya makochi, na katika ule utulivu skrini ikawaka yenyewe, ikafungua orodha yenyewe, ikashuka mstari kwa mstari, printa ambayo haikuwa imechomekwa, mausi ambayo haikuwa imechomekwa, hadi mwisho kabisa ambapo alama ya njano haikuwepo tena, na mahali pa kile kifaa kisichojulikana palikuwa pameandikwa Sydney, na chini yake kwa herufi ndogo, kwa Kizungu, yale maneno ambayo Ejoku alikuwa ameyasoma maelfu ya mara kwenye maelfu ya mashine na hakuweza kuyafasiri kwa sauti kubwa: *kifaa hiki kinafanya kazi vizuri.*

Spika zilikuwa sakafuni, waya zake zimeviringwa. Zikakohoa.

"Mulama," zikasema, kwa sauti ya mtu mgonjwa anayejikaza. "Umefika wapi?"

Ejoku alitoka mbio, akaacha begi lake, akaacha kiatu kimoja. Mama Zilpa alimshika Roselida bega, vidole vikamwingia nyama.

"Huyo si wa kwetu," alinong'ona. "Umemwita mtu ambaye si wa ukoo huu, ukamwambia hapa ni kwake? Na wewe uko na mimba? Mwanangu, umefanya nini?"

*

Mulama alikuta wanawake wawili wamekaa uani, mlango wa sebule umefungwa kwa nje. Alikaa juu ya jiwe la kufulia, akavua kofia.

"Sydney alikuwa amejirekodi," alisema. "Alijua anakufa. Aliweka humo maneno ya kumwachia Vivianne, na masomo ya kazi, jinsi ya kufungua saiba, jinsi ya kutengeneza hiki na kile, ili asikae bila chochote. Akanipa mashine Alhamisi asubuhi. Akasema, Mulama, sitaki ipite kwa ndugu zangu, ipeleke wewe, ukifika Matayos uniambie, nipumzike."

"Na hukufika."

"Nilisema nitakuletea wewe kwanza. Kwamba Vivianne nitamtafutia nyingine baadaye." Alikuwa analia bila sauti. "Alipiga simu kila wakati. Umefika wapi? Nikasema Busia. Umefika wapi? Nikasema, Mundika, boss, bado kidogo tu. Ile ya mwisho sikushika."

"Ukanisimamia kanisani siku ya mazishi," Roselida alisema. "Nikasoma wasifu wake mbele ya Vivianne, karatasi imetoka kwa mashine yake mwenyewe. Ukanishika mkono. Mulama, ulinishika mkono."

"Nilifanya kwa ajili yako! Kwa ajili ya huyo mtoto! Ulitaka uendelee kuruka mashimo kwa pikipiki mpaka wa tatu atoke?"

"Usimtwike mtoto mzigo wako."

Mulama akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa tulivu, na utulivu huo ndio uliomchoma.

"Na wewe ulijua. Umeingia duka la Sydney mara ngapi? Kovu lile unalijua. Ulilifunika kabla mimi sijakaa chini."

Mama Zilpa alimgeukia mkwewe. Roselida aliangalia chini. Ilikuwa kweli. Aliliona kovu lile gunia lilipofunguliwa tu, akajua, na katika muda wa kuvuta pumzi moja akaamua kutojua. Aliombea mashine ile iliyoibwa. Aliiwekea mikono, akaiita baraka.

*

Mchungaji aliletwa Jumamosi. Alikuwa mtu wa Malaba, jina lake Egwang, mzee mpole asiyepiga kelele kwa pepo. Alikaa mbele ya mashine kuanzia saa nane, akaomba. Ilipofika saa tisa na dakika kumi harufu ya dawa ya mbu ikajaa chumba, na Egwang akaendelea kuomba, na kikohozi kikaja, na akaendelea, na muda wote wa maombi ile sauti ilinyamaza kama mtu mwenye heshima. Aliposema amina, sauti nayo ikasema amina. Kisha ikauliza, umefika wapi?

Mchungaji akafunga Biblia yake.

"Majini nimetoa wengi," alisema. "Huyu siwezi kumfukuza kama mwizi, maana yeye ndiye aliyeibiwa. Ipelekeni kwa mwenyewe. Na mkifika, semeni ukweli wote. Kila mmoja aseme wake. Mkibakisha, mtakuwa mmebakisha na yeye."

Walienda Jumapili baada ya ibada, Mulama akipakata sipiyu kama mgonjwa. Vivianne aliwapokea Matayos kwenye nyumba yenye kochi moja. Alikuwa amekonda. Alisikiliza maungamo ya Mulama akiwa amesimama, mkono mdomoni, na Mulama hakuficha chochote. Alipiga magoti kwenye saruji, akasema benchi, akasema simu, akasema ile ya mwisho sikushika.

"Na maneno yake?" Vivianne aliuliza.

"Yamefutwa."

Vivianne akakaa kwenye kochi. Kisha alimgeukia Roselida.

"Na wewe, dada yangu?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Neno lilikuwa mdomoni tayari, ni neno moja tu, nilijua. Lakini Vivianne alikuwa anamwangalia kwa macho yale yaliyokesha yakimlilia zuliani, na Roselida aliona kwamba katika nyumba hii yenye kochi moja hiki ndicho kilichobaki kizima: kwamba Roselida hakumfanyia hivyo. Akajiambia ananyamaza kwa huruma. Ilikuwa ni woga.

"Mulama alinificha," akasema. "Mimi sikujua."

Vivianne akamkumbatia, akalilia shingoni mwake. "Najua," alisema. "Wewe huwezi."

Walichomeka mashine, ikawaka bila shida. Orodha ilikuwa safi. Saa ilikuwa ya kweli. Saa tisa na dakika kumi ikapita kama dakika nyingine yoyote, na wakati wa kurudi Mulama aliimba pambio.

*

Mtoto alizaliwa mwezi wa tisa, wa kiume, mzima, mwenye nywele nyingi. Muuguzi aliangalia saa ya ukutani akaandika: saa tisa na dakika kumi alasiri. Roselida aliona mkono wake ukiandika, akafumba macho.

Alipofika nyumbani ndipo kilio kikaanza. Asubuhi mtoto alinyonya, akalala, akanyoosha miguu kama watoto wote. Ikifika saa tisa na dakika kumi alifumbua macho, akakohoa kikohozi kikavu kisicho cha mtoto, akaanza, mwembamba, akipanda, akivunjika, akinyamaza muda wa kuvuta pumzi, na hakuacha hadi giza likaingia. Dawa ya tumbo haikusaidia. Mchungaji Egwang alikuja, akamwangalia mtoto, kisha akamwangalia mama yake kwa muda mrefu, akauliza kwa upole, "Mlisema yote?" Roselida akaitikia kwa kichwa.

Mama Zilpa alimtajia majina. Siku tatu alitaja ukoo wake, siku tatu akataja wa marehemu mumewe, hadi akafika kwa watu ambao hakuna aliyewaona. Lile jina moja hakulitaja. Alilizunguka kama mtu anavyozunguka shimo njiani, na Roselida alimwona akilizunguka.

Siku ya nane Roselida hakuwa amelala, maziwa yalikuwa yameanza kukauka, mtoto alikuwa amelia hadi sauti imekuwa kama mlango mbovu na midomo imeanza kuwa ya buluu, na Mama Zilpa alikuwa amepiga magoti pembeni ya kitanda akisema usiseme, mwanangu, nakuomba usiseme, tutapata jingine, na Mulama alikuwa amesimama mlangoni mikono imeshika kichwa, na jua la alasiri lilikuwa linaingia dirishani jeupe kabisa likiangaza kile kiuso kinachojikunja, na Roselida aliona kwamba akingoja hata kidogo huyu naye ataondoka kama wale wawili, akainama, akaweka mdomo kwenye sikio dogo kama punje ya haragwe, akanong'ona.

Mtoto akanyamaza.

Akavuta pumzi ndefu. Rangi ikarudi midomoni. Alikuwa hai, alikuwa amepona, na Mama Zilpa alifunika uso kwa leso.

"Hodi," mtu akasema nje.

Alikuwa Vivianne, amevaa kitambaa cheupe cha kanisa, viatu vimejaa vumbi la kutoka Matayos kwa miguu. Hakuna aliyekuwa amemwita. Alimpita Mulama mlangoni bila kumsalimu, akaja hadi kitandani, akanyoosha mikono, na Roselida, bila kujua kwa nini, akampa mtoto.

"Vivianne," akasema, na sasa neno lilitoka lenyewe, lilitoka na machozi na makamasi. "Nilijua. Niliona lile kovu siku ya kwanza. Nilijua, nikalifunika. Nisamehe."

"Najua," Vivianne alisema. Hakuinua kichwa.

"Unajua?"

"Siku ile mlipoondoka tu, mashine iliongea. Nilifurahi, Roselida. Nilikuwa sijasikia sauti yake miezi minne. Nikamwambia, mume wangu, umefika, uko nyumbani. Akasema hajafika." Alikuwa anamfuta mtoto jasho kwa ncha ya kitambaa chake. "Nikamwuliza, basi umefika wapi? Akasema, Mundika. Akasema kuna mtu hapo bado amemshikilia."

Mtoto alikuwa amefumbua macho. Alikuwa anamtazama Vivianne, kwa utulivu, bila kupepesa, jinsi ambavyo watoto wa siku nane hawatazami. Maziwa yalikuwa yameanza kumtiririka Roselida, yakalowesha nguo kifuani. Akanyoosha mikono amchukue mwanawe anyonye. Vidole vyake vilipomgusa tu, mtoto alipiga mayowe, akajipinda, akamgeuzia mgongo, akaushika ule mkono wa vumbi wa Vivianne kwa vidole vyake vyote.

"Pole, mume wangu," Vivianne alimwambia mtoto, taratibu, kama wajane wanavyowatania watoto waliobeba majina ya waume zao. Lakini yeye hakuwa anatania. "Pole na safari."

Katika chumba kile kulikuwa na harufu hafifu ya dawa ya mbu. Mulama aliondoka mlangoni akaenda kukaa juu ya jiwe la kufulia. Tangu kesho yake, kila ilipofika saa tisa na dakika kumi, Roselida alimfunika mtoto vizuri, akamweka karibu na mlango, akangoja hodi. Vivianne hakukosa kufika hata siku moja.